Redio Utakayobeba Kesho

Kwako Riziki, binti yangu,

Nakusalimia kama vile umeshafika, ingawa sasa hivi uko kanisani unaimba na kwaya wimbo wa kukuaga, na sauti yako naisikia mpaka hapa ndani. Barua hii utaikuta ukifika Lilongwe, ndani ya kitenge nilichofungia redio. Basi pokea salamu zetu kama za bantu ba mbali. Bibi yako anakusalimia. Anasema miguu inamuuma ila mdomo haumuumi, na atautumia kukusema kila siku mpaka urudi. Mdogo wako Yosua anakusalimia. Ameshahamishia nguo zake kwenye upande wako wa mkeka, hakungoja hata uondoke. Jirani yetu Mama Ndayi, Mrundi wetu, anakusalimia na anakukumbusha kwamba maharagwe ya safari yalipikwa kwa sufuria yake. Kuku mweupe anakusalimia, yule uliyemwombea jana, hatukumchinja. Na kaka yako Baraka, kule Nathenje anakobeba magunia ya mahindi, anakusalimia. Hakunituma. Lakini mi njo nilimzaa, naweza kumsalimia mtu kwa niaba yake.

Baba yako sijui kama anasalimia au hapana. Hilo unalijua.

Sitakuandikia habari ya kufua, wala kula kwa wakati, wala kutotembea na giza. Hayo nilikuambia tangu ukiwa mdogo na hukuyasikia. Nataka kukuandikia habari ya chuo unachokwenda, kwa sababu ni chuo kile kile cha kaka yako, somo ni lile lile, na Mwalimu Deo atakayekuja kukuchukua kesho asubuhi njo yule yule. Kwa mdomo siwezi. Nikianza kusema nalia, na we ukiniona nalia unakubali kila kitu haraka ili ninyamaze. Basi niache niandike, hata kama herufi zangu zinapanda mlima na kushuka. Niliacha shule mwaka wa nne wa primere, usinicheke.

Unaikumbuka redio ilipokuwa inasema. Baba yako aliinunua Uvira kabla vita haijafika, na siku alipotupandisha kwenye mtumbwi yeye njo aliiweka mikononi mwangu, imefungwa kitenge hiki hiki. Akasema anarudi kufunga nyumba, atatufuata. Kigoma tukangoja. Njia nzima ya Tanzania tukangoja. Hapa Dzaleka, kambini, tukajenga, tukaezeka, na bado tunangoja. Kila Alhamisi jioni bamama ba mstari wetu walikuwa banakuja kukaa hapa mlangoni, kwa sababu redio inasoma majina ya bantu waliopotezana kwa vita: fulani wa Uvira anamtafuta mke wake, fulani wa Fizi anatafuta batoto bake. Wakikaribia majina ya Uvira hakuna mtu aliyekohoa. Halafu redio njo ikaanza kukohoa yenyewe, wiki moja, wiki mbili, na siku moja ikanyamaza.

Tangu hapo nakwenda kusikiliza kwa mume wa Mama Ndayi. Ni mtu mzuri. Lakini redio ya mtu mwingine unaisikiliza kwa adabu. Akiona betri zinachoka anaizima, na wewe huwezi kumwambia ngoja, hawajafika Uvira.

Ilikuwa katika siku hizo Mwalimu Deo alikuja kula kwetu. Tulimjua kwa kanisa, Mshi wa Bukavu, mtu wa masomo, sauti nzito kwenye kwaya, anafundisha elektroniki kwenye chuo cha mjini. Nilimnawisha mikono mi mwenyewe. Akakata nsima, akamtazama Baraka, akasema: "Mama Baraka, nipe huyu. Miaka miwili tu. Atarudi fundi, na redio yako hii itakuwa kitu cha mchezo kwake."

Bibi yako alikuwa pale pembeni. Akamuuliza, "Na akirudi si fundi?"

"Bibi, mtu akitoka kwangu si fundi, mje mninyang'anye hiki kinywa ninachokulia."

Tulicheka sote. Mi nilicheka kupita wote.

Sasa nikuambie kwa nini niliamini haraka hivyo, kwa sababu watu banasema ni ujinga, na haukuwa ujinga. Mi nilijifunza kushona kwa Maman Feza, pale Uvira karibu na soko. Hakukuwa na daftari. Nilifagia, nikapiga pasi ya makaa, nikashona vifungo, nikakata magazeti, halafu nikakata nguo za batoto wake mwenyewe. Wakitembea barabarani na mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, kila mtu alijua ni mi nimeshona. Halafu ikafika siku ya kutoka. Kwetu siku ya kutoka haikuwa na vigelegele vingi. Mwalimu wako anachukua mteja wake mmoja, mteja mzuri, si yule msumbufu anayetaka kumwondoa, na anakupa. Maman Feza alimwita mke wa mtu wa duane, wale wa ushuru wa mpakani, mwanamke mnene mwenye kupenda mikono ya kupanda juu. Akamwambia: "Kuanzia leo huyu njo anakukatia nguo." Yule mama akanitazama kama unavyotazama samaki aliyelala. Maman Feza akavuta kiti, akakaa nyuma yangu, akageuza uso akatazama barabara. Hakutazama mkasi hata mara moja. Nilimsikia nyuma yangu anapumua. Nikiharibu kitambaa, ni jina lake linaharibika kabla ya langu. Nikakata.

Kwangu mi, hiyo njo maana ya kufundishwa. Mtu anakutoa kwa mkono wake na kukuweka kwenye mkono wa mwenye kazi, na katikati hakuachi hewani. Niliamini kila mwalimu anafanya hivyo, mdogo wa barazani na mkubwa wa chuo. Chuo kikubwa, nikasema moyoni, lazima kinatoa mteja mkubwa.

Basi picha ikafika. Unaikumbuka, iko ukutani mpaka sasa. Baraka na salopeti ya bluu ya fundi, mkononi chombo cha kuchomea risasi, kile cha kuungia nyaya, anacheka meno yote. Niliizungusha mstari mzima wa nyumba. Nilibaambia bamama, tazameni, anashika moto wa umeme kama mtu anayeshika kijiko.

Na siku ya diploma tulikwenda wawili, mi na Bibi, wewe ukabaki na Yosua. Sijakueleza yote ya siku ile kwa sababu naona haya. Nilivaa kile kitenge kipya. Walisoma majina, Baraka akavuka na joho jeusi, akapewa karatasi, watu wakapiga makofi. Wengine wakaanza kutoka nje kupiga picha. Mi nilibaki nimekaa. Bibi yako akaniambia, "Simama, imekwisha." Nikamwambia, "Haijakwisha. Hawajaita mteja." Nilitazama wale mabwana wa viti vya mbele, wenye tai, nikachagua kabisa yupi atakayepewa Baraka. Nilimchagua mmoja mnene kama yule mke wa duane.

Ukumbi ukawa mtupu, wakaanza kubeba viti. Mwalimu Deo akaja. "Mama Baraka, unangoja nini?"

"Namngoja mteja wake. Ni nani anamchukua?"

Akacheka, si kwa ubaya. "Mama, hapa ni chuo, si cherehani. Sisi tunafundisha. Kazi anaitafuta mwenyewe huko mbele."

Nilisimama. Nikajiambia mi ndiye nimebaki nyuma, dunia imesoma. Nikafunga kitenge vizuri, nikatoka. Lakini ilikuwa, Riziki, kama siku ile ya Kigoma mtumbwi wa mwisho ulipofika na baba yako hakuwemo.

Mengine uliyaona. Baraka alipata kazi Chinsapo, kwa Bambo Gama, yule anayetengeneza redio kwenye baraza yake karibu na soko. Hakumaliza wiki. Akarudi akasema kazi imeisha. Na Alhamisi hiyo mi nikamwekea redio yetu mezani, na bamama nilikuwa nimeshabaita. Unakumbuka alivyoifungua. Alituonyesha kila kitu ndani kwa jina lake, hiki kinapokea mawimbi, hiki kinapunguza, hiki kinakuza sauti. Bamama wakaguna kwa kustaajabu. Mama Ndayi akasema, "Sasa iseme." Baraka akatazama ndani muda mrefu. Halafu akarudisha kifuniko, taratibu, kama mtu anayefunika maiti.

Na mi, mbele ya wote, nilisema lile neno. Nilimwambia miaka miwili amekula bure. We ulinishika mkono ninyamaze na sikunyamaza.

Bamama walipoondoka njo akatuambia habari ya chumba. Nataka uikumbuke vizuri maana kesho unakwenda kulala karibu na chumba hicho. Nyuma ya madarasa kuna atelye, chumba cha mazoezi. Ndani kuna meza, vyombo, redio za kufanyia majaribio, vyote vilivyoletwa na bazungu wafadhili, na vingine havijatoka kwenye makaratasi yake. Kuna kufuli. Miaka miwili banafunzi walisoma ubaoni, wakachora redio kwenye daftari, wakafaulu mtihani wa kuchora redio. Siku bageni walipokuja, kufuli likafunguliwa, kila mtu akapewa salopeti na chombo, wakapigwa picha, bageni wakaenda kunywa chai, vyombo vikahesabiwa, kufuli likarudi. "Mama," alisema, "hata moto hakikuwa nao. Waya wake ulikuwa haujachomekwa." Alikuwa anaonyesha picha ukutani.

Kesho yake akaenda Nathenje. Nilitaka kuitoa ile picha, nikaishika kabisa. Bibi yako akanipiga mkono na fimbo yake. "Acha. Huyo ni mjukuu wangu, si chuo."

Nilikwenda Chinsapo mi mwenyewe, kumwomba Bambo Gama msamaha kwa sababu nilisikia Baraka ameunguza redio ya mtu. Sikukuambia nilikwenda, nilisema nakwenda kuuza nguo. Kichewa changu ni cha sokoni, lakini tulielewana. Akanipa kigoda. Akasema, "Kijana wako alikuwa ananieleza vitu ambavyo mi navifanya tangu zamani bila kujua sababu. Jioni nilikuwa namtafuta mke wangu nimweleze na yeye. Mkono tu ulikuwa haujui. Redio moja kuungua ni nini? Mi niliunguza ngapi? Wateja walimcheka, wakamwita injinia, na kesho yake hakuja. Mama, mi nilikuwa bado namwonyesha."

Alikuwa bado anamwonyesha. Sentensi hiyo imenikalia kwenye kifua mpaka leo. Kwa sababu chuo kilimwambia Baraka ameshajua, kilimvalisha joho kwamba ameshajua, na mama yake akaita mstari mzima wa nyumba kuja kuona alivyojua. Angepata wapi mdomo wa kusema sijui, nionyeshe? Nilirudi Dzaleka kwa kabaza ya baiskeli na matola ya gari la mizigo na sikukumbuka njia.

Jumapili nikamngoja Mwalimu Deo nje ya kanisa. Nilimwambia, "Mwalimu, ulikula kwangu. Chumba ulikijua?"

Akatazama viatu vyake. "Mama Baraka, ufunguo anakaa nao mkubwa wa chuo. Mi pia niko mtu wa kutumwa tu. Niliomba. Wakasema vyombo vitaharibika, bageni wakija wataona nini. Programu inasema niandike ubaoni, naandika ubaoni."

"Na kwetu? Ulikuja kwetu kila mwezi. Hukuona mdomo wa kutuambia?"

"Ningewaambia, mngemtoa. Wote wangetoka. Na mi niko na batoto, Mama."

Na mi niko na batoto. Hivyo njo alinijibu, na mi niko na batoto.

Riziki, nimechukiwa na watu katika maisha yangu. Askari walitupiga njiani, na sikuumia moyoni, kwa sababu askari hakunawa mikono kwangu. Huyu alinawa. Alitazama mwanangu anashika chombo kisicho na moto na akamwambia acheke kwa picha. Ninamsalimia kanisani, namwita Mwalimu, nampa mkono. Lakini siwezi kuimba pamoja naye tena. Nikisikia sauti yake kwenye kwaya, mi nanyamaza mpaka ubeti upite. Sasa hivi mnapoimba naisikia iko chini ya sauti yako, na njo maana nimeingia ndani kuandika.

Utaniuliza, basi mama, kwa nini unaniacha niende? Kwa sababu nafasi iliyopatikana ni hiyo, na we umeitaka, na kukaa hapa kusubiri chuo chenye milango wazi ni kusubiri kama ninavyosubiri mi. Na kwa sababu yale ya ubaoni si uongo. Bambo Gama aliyataka. Uongo ni kusema yanatosha.

Basi mi nimefanya kazi ya Maman Feza, maana wenye kazi hiyo wameikataa. Nilirudi Chinsapo mwezi uliopita. Bambo Gama amekubali. Jumamosi ukitoka chuo uende kwenye baraza yake mpaka jua linapoinama. Nilimwambia: usimwonyeshe kwamba unajua ni dada ya yule. Akacheka, akasema, "Mama, mna pua moja nyote, nitamwambia mwenyewe." Ulichojifunza ubaoni wiki nzima umpelekee, umweleze. Na kilichokushinda kwake Jumamosi, Jumatatu uinue mkono darasani, umwulize Mwalimu Deo mbele ya wenzako. Mwulize kwa heshima. Mwulize kila Jumatatu. Asipojua, atakwenda kutafuta. Si mtu mjinga, ni mtu mwoga. Na ukichoka kumwuliza vitu vingine, mwulize ufunguo.

Na bageni wakija. Watakuja. Utapewa salopeti na chombo, mtaambiwa mcheke. Utafute ukuta wenye umeme, uchomeke waya wako, ungoje kipate moto. Halafu uanze kazi. Watu wakiondoka kwenda kunywa chai uendelee. Watakaokuja kukusanya vyombo wakukute unafanya kazi, na usirudishe mpaka umalize unachokifanya. Watakukasirikia. Waache. Mi nilikasirikiwa na mke wa duane kwa miezi.

Ukiunguza kitu kwa Bambo Gama na wateja wakakucheka, ukae. Hicho tu. Wakikuita injinia, waitikie, useme naam. Kesho yake urudi. Kaka yako nilimnyima maneno hayo, nilimpa yale mengine. Nimemtumia ujumbe Nathenje mara mbili kwamba nilikosea, na aliyepeleka anasema Baraka alisikia, akainama akachukua gunia lingine. Siku moja ukipata nafasi, pita Nathenje. Usimwambie neno langu lolote. Mwombe tu akueleze ndani ya redio kuna nini. Mwache aeleze mpaka amalize.

Sasa kwaya wameacha kuimba, utaingia wakati wowote, na bado sijafunga kitenge. Redio nimeiweka hapa, betri nimezitoa nimezifunga kando. Ni ile ile, haijaguswa tangu siku ile. Si zawadi na si mzigo wa kukutwisha. Nakupa wewe kama Maman Feza alivyonipa yule mwanamke mnene. Mi njo mteja wako wa kwanza. Ni mteja msumbufu, nakuonya, anataka kusikia majina ya Uvira mpaka la mwisho. Ukiiharibu, imeharibikia mikononi mwangu na mwako, na mi nimegeuza uso natazama barabara.

Usikawie kunijibu. Usiniandikie kwamba umefika salama, hilo nitaulizia kwa dereva. Miezi ikipita na kufuli bado lipo, na mkono wako bado haujui, usione haya kama kaka yako. Njoo nayo hivyo hivyo ilivyo kimya, uniambie mama bado, nami nitakupokea mbele ya mstari mzima wa nyumba. Lakini ikisema, usipoteze muda na barua. Iweke betri, uifungue sauti yote, umpe mtu yeyote anayepanda huku aibebe hivyo hivyo inasema, nami nitaisikia kutoka njiani kabla sijamwona aliyeibeba. Fanya haraka, mwanangu. Majina wanasoma kila Alhamisi.

Ni mi mama yako,
Mama Baraka na Riziki na Yosua